Uzi Shingoni mwa Mgeni

Mzee Mwinyijuma, mwosha maiti wa kijiji cha Mkwaja, alialikwa kuzungumza kwenye kongamano la chuo kimoja mjini Tanga kuhusu usalama wa mipaka na wahamiaji. Jirani yake Sabiri alimwona asubuhi amevaa kanzu ya Idi.

"Ala! Leo unakwenda kuwaosha maprofesa?"

"Wakikubali kulala chali, nitawaosha," alijibu, wala hakucheka.

Alikuwa na haja moja. Mwaka uliopita bahari ilimtupa ufukweni kijana wa Kihabeshi, mmoja wa wale wanaopitishwa pwani kwa siri kwenda kusini. Jina hakuwa nalo. Uso, samaki walishauanza. Watu walibishana azikwe na Waislamu au na Wakristo, mpaka Mwinyijuma alipouona uzi mweusi shingoni mwake, kama ule wanaofungwa watoto wa pwani wakishasomewa dua.

"Huyu wetu," akasema, na ubishi ukaisha. Akaukata uzi kwa wembe, ukaenda na maji shimoni. Akamwosha, akamkafini, wakamsalia.

Tangu siku hiyo alitamani kumpata mtu wa kwao, ampelekee mama wa kijana salamu: mwanao hakuachiwa kunguru, amezikwa kama ulivyomlea. Na kwenye kongamano, aliambiwa, Wahabeshi watakuwapo.

Ukumbini walisema mengi. Ukutani palikuwa na ramani, na mshale mwekundu wa njia ya wahamiaji uliopita juu ya Mkwaja bila kusimama.

Wakati wa chai alionyeshwa Hirut, mhadhiri kutoka Addis Ababa aliyesomea Dar es Salaam.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Hirut alipoinamia kikombe, uzi mweusi ukachungulia kwenye kola yake. Moyo wa mzee ukachanua.

"Kumbe nawe mwenzetu! Huo umesomewa wapi?"

"Huu? Nilifungwa kanisani, siku ya ubatizo. Mama aliniapisha nisiuvue hata nikifa."

Chai ikamgeukia shubiri. Kabla hajauliza zaidi, Daktari Nehemia, mwenyekiti wa kikao, akamshika mkono.

"Twende, mzee wangu. Waeleze mlivyomsitiri yule kijana. Kwa ufupi, lakini iguse."

Akapanda jukwaani. Maneno aliyoyazoea yalikuwa tayari mdomoni, mazuri, ya kupigiwa makofi. Akamtazama Hirut, yakamkauka.

"Nilimzika kijana wenu," alisema. "Nilimvua uzi kama huo wa binti yangu pale. Nikasema ni wetu. Hakuna aliyenituma kusema. Nikamsalia sala isiyokuwa yake. Nilikuja na salamu za kumpelekea mama yake. Sasa nimwambie nini?"

Mtu mmoja nyuma alipiga makofi, akajisikia peke yake, akaacha.

Hirut alisimama, mashavu yamelowa.

"Alikuwa na umri gani, baba?"

"Ndevu zilikuwa hazijashika."

Hirut akafanya ishara ya msalaba, akaanza kusali kwa lugha yao, pale pale katikati ya viti. Picha ya mzungumzaji anayefuata ilikwishawashwa ukutani. Nehemia alitazama saa.

Mwinyijuma alibaki jukwaani, hajui mikono aiinue au aishushe. Alitega sikio, sala ikikoma aitikie amina, lakini hakujua ingeishia wapi.