Masta Silinda Niliyoibeba Kanisani

Siku yangu ya kwanza kazini, Foreman wa gereji pale Migori alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akaniuliza kama nilikuwa natafuta fundi wa nguo. Nikamwambia nimekuja kujifunza breki. Alicheka hadi akaegemea gari. Kisha akanipa kipande cha paipu ya chuma, nyembamba kama kalamu, akaniita kwa Kijaluo, binti wa Lambwe: "Nyar Lambwe, kunja hii bila kuibana. Ukiibana, rudi nyumbani." Niliikunja. Sikurudi nyumbani.

Wengi mnaosoma haya hamjawahi kulala chini ya gari, basi nieleze. Ukikanyaga breki, mguu wako unasukuma masta silinda, na masta inasukuma mafuta ya breki ndani ya paipu hadi magurudumuni. Mdomo wa kila paipu tuliupanua na kuukunja mara mbili, ili nati ikikazwa usivuje hata tone. Kisha tulitoa hewa, tukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, maana hewa ikibaki ndani, pedali inakuwa laini na gari halisimami. Foreman alikuwa mkali, lakini kazi aliijua, na hilo simnyimi.

Tabia moja mbaya alikuwa nayo, na gereji nyingi za kwetu zilikuwa nayo. Gurudumu likivuja mafuta ya breki na spea haipo, tuliliziba. Unakata paipu yake, unakunja ncha, unaigonga kwa nyundo, na gari linaondoka na breki tatu. Wateja walitushukuru.

Baadaye nilihamishiwa Kegonga, kwenye tawi dogo la gereji hiyo hiyo, chini ya Supavaiza asiyependa kuona gari limelala. Siku moja lori dogo la mahindi lilikuja likivuja gurudumu la mbele, upande wa kushoto. "Ziba hiyo, mzigo inangojewa," akasema. Nikaziba. Dereva alipofunga breki kwenye kona, lori lilivutwa kulia, likavuka barabara, likapinduka. Alikatwa mguu. Supavaiza alisema ni mwendo kasi, na kila mtu akakubali, mimi pia. Naandika haya kwa aibu, kwa sababu nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Tangu hapo sijaziba gurudumu la mtu, awe nani.

Miaka yangu ya mwisho nilifundisha katika chuo kidogo cha ufundi karibu na Rodi Kopany. Wanafunzi wangu waliunda gari lao wenyewe: chesisi ya vyuma vya kuchomelea, injini ya pikapu iliyokufa, bodi ya mabati. Lilikuwa na sura mbaya na nililipenda sana. Masta yake ilikuwa na vyumba viwili, kimoja cha magurudumu ya mbele na kingine cha nyuma, ili paipu ya upande mmoja ikipasuka, upande wa pili ubaki na breki.

Nikaenda Lambwe kumzika shangazi yangu. Niliporudi siku ya Ijumaa, nilikuta Mkuu wa Chuo ameita fundi wa nje amalize breki haraka. Kesho yake gari lilikuwa literemke hadi Homa Bay kwenye maonyesho, na wanafunzi wanne ndani yake. Fundi yule alipungukiwa paipu. Akaziba tundu moja la masta kwa bolti, akaunganisha magurudumu yote manne kwenye tundu lililobaki. Tena paipu ya nyuma aliipitisha ikigusa ekzosi, bomba la moshi linalowaka moto. Ingepasuka hiyo moja, breki zote zingekwisha.

Mkuu aliingia garini, akakanyaga pedali mbele yangu. "Madam, si inashika?"

"Inashika ukikanyaga mara mbili. Kwa mteremko utapata wapi hiyo ya pili?"

"Utarekebisha Monday. Kesho gari inaenda."

"Haiendi."

"Madam, umebakisha miezi tano u-retire. Usijiharibie."

Aliporudi ofisini, nilichukua spana, nikafungua masta, nikaifunga kwa gazeti na leso, nikaitia kwenye mkoba wangu wa kanisa.

Mimi ni Msabato. Jumamosi simu yangu huwa imezimwa, na Mkuu alijua hilo. Saa tatu asubuhi alifika kanisani mwenyewe, na tai shingoni, akatuma niitwe nje. Nilitoka na mkoba wangu. Mafuta ya breki yalikuwa yameshalowesha kitabu cha nyimbo.

"Hiyo ni mali ya chuo, Madam. Huo ni wizi!"

"Ni wizi, ndiyo. Niitie polisi."

"Wageni wanangoja. Nitawaambia nini?"

"Waambie gari haina breki."

Aliutazama mkoba, akawatazama wazee wa kanisa waliokuwa wametoka kusikiliza, akaondoka. Sitadanganya, niliogopa. Nilirudi ndani, nikaketi na mkoba mapajani hadi mwisho wa ibada.

Bodi ya chuo ilinipa wiki moja niandike utetezi. Sikuandika hata mstari. Niliirudisha masta garini, nikapitisha paipu upya, za mbele peke yake na za nyuma peke yake, mbali na ekzosi. Siku ya kusikilizwa niliwaomba wao na Mkuu watoke nje. Mbele yao nikalegeza makusudi nati ya paipu ya mbele. Nikaingia, nikateremka kuelekea ukuta wa karakana, nikakanyaga. Mafuta yalimwagika, pedali ikazama karibu na sakafu, kisha breki za nyuma zikashika. Gari lilisimama hatua tatu kabla ya ukuta.

Nikashuka, nikamfungulia Mkuu mlango. "Sasa rudisha ile bolti yako, halafu ufanye vile nimefanya."

Hakusogea. Wala hakuna mwingine aliyesogea.

Barua ya onyo niliandikiwa vilevile, na nikastaafu nayo, bila keki wala hotuba. Nyinyi mafundi wa leo mtaandikiwa zenu, mkiwa na bahati ya kukataa mapema kuliko nilivyokataa mimi. Mabinti zangu hunisihi niichome barua yangu, nisije nikaitwa mwizi nikishakufa. Siichomi. Inasema nilichukua masta silinda ya chuo bila idhini, na hakuna neno la uongo humo. Ningekuwa na mgongo wa kulala tena chini ya gari, ningeiba nyingine kesho.