Chakula Kisichoonjwa

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, kwenye milima ya Fizi, nilimuua mjomba wangu kwa kula samaki. Ndivyo nilivyoamini kwa karibu miaka thelathini: kambini Tanzania, kisha Louisville, kisha Columbus, na sasa hapa Buffalo. Nimehama sana, na hatia yangu ilinifuata kote bila kuombewa viza.

Vita vilikuwa vimeingia kwetu, ng'ambo ya ziwa kutoka Tanzania. Mjomba Elia, mdogo wake mama, alikuwa porini na vijana wenzake, wakipambana na wanajeshi waliotuchomea nyumba. Walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie, na dawa ilikuwa na masharti. Moja liligusa jiko letu: chakula cha wapiganaji hakionjwi, si na anayepika, si na anayebeba. Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, alipika bila kuonja chumvi. Bon, nadhani vijana wale waliogopa sufuria ya koko kuliko risasi.

Mbebaji nilikuwa mimi. Nani angemshuku mtoto wa kike mwenye kapu kichwani? Asubuhi moja koko alikaanga ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, kwa mawese. Harufu ilinishukia puani njia nzima. Nilipofika kijitoni nikaketi, nikala mmoja. Haya, nikala watatu. Nikanawa mdomo, nikaendelea na safari kama malaika.

Siku mbili baadaye wanajeshi walikwenda moja kwa moja mpaka maficho ya vijana. Mjomba hakurudi.

Matangani wazee wakauliza nani kavunja mwiko. Kabla sijafungua mdomo, koko akasimama.

"Ni mimi. Nilionja chumvi."

Tangu siku ile hakuna jirani aliyekula tena chakula chake. Tulikimbilia Tanzania, na maneno yakakimbia nasi: huyo ndiye aliyemuuza mwanawe kwa chumvi. Mimi nilinyamaza. Niliamini aliyaona mawese mdomoni mwangu siku ile niliporudi, akanifichia.

Siku hizi natunza wazee majumbani mwao. Kule North Buffalo namwogesha na kumlisha Signora Rina, Mwitaliano wa miaka tisini na kitu, mkali kama pilipili. Juzi niliweka mkate kifudifudi kwenye meza ya kando ya kitanda chake, akapiga kelele kana kwamba nimemlaza yeye hivyo.

"Ugeuze! Unataka kuua mtu?"

Akaugeuza mwenyewe, akaubusu.

"Signora, si mkate tu huo?"

"Hata mimi nilisema hivyohivyo."

Ndipo akanisimulia. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kaka yake alikuwa milimani na wapiganaji waliowapinga mafashisti na Wajerumani, na yeye ndiye aliyewapelekea mkate, barua akizificha ndani ya soksi. Siku moja, kwa haraka, aliuacha mkate wa kaka yake mezani kifudifudi. Mama yake akauona, akafanya ishara ya msalaba; Rina akamwambia ni mkate tu. Wiki hiyohiyo kaka alikamatwa, akapigwa risasi kwenye ukuta wa makaburi.

Nilikuwa nimekuja kubadilisha shuka. Nikajikuta nimeketi kitandani kwake, shuka mapajani.

"Kwa hiyo ni mkate uliomuua?"

Akanitazama kana kwamba mimi ni mjinga anayelipwa kwa saa. "Mkate? Ni muuza maziwa! Yeye ndiye aliyewaonyesha Wajerumani njia, na kijiji kizima kilijua. Vita vikaisha, akaendelea kuuza maziwa, na mama akaendelea kununua kwake."

"Sasa mkate unaugeuza wa nini?"

"Kwa sababu mkate naweza kuugeuza."

Nilipomaliza kazi nilikaa garini bila kuliwasha. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza jambo jepesi hivi: wanajeshi waliijuaje njia? Samaki hawasemi.

Nikampigia mama, Louisville. Nikaanza kwa kuungama.

"Mama, nilikula ndagala za mjomba. Tatu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Tatu? Weye? Nilizania ulimaliza nusu!"

"Mama, nani aliwaonyesha wanajeshi njia?"

Kicheko kikakatika. "Donc, kumbe umefika huko." Akashusha pumzi. "Zakaria."

Mzee Zakaria alikuwa jirani yetu Fizi. Sasa anakaa Reynoldsburg, pale Columbus. Nilipoishi kule ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, akifumba macho kila nikikata kona. Ndiye aliyeiombea ndoa yangu.

"Walimushikia mutoto wake," mama akasema. "Onyesha njia, ao tunamuua. Koko alijua mbele ya matanga kuanza. Na vijana walikuwa pale inje na mapanga, wanangoja jina tu. Ndipo akasema chumvi, wasitafute mutu mwingine."

"Na mimi je? Mdomo wangu aliuona?"

"Sijui, mwanangu. Hakuniambiaka."

Jumapili Mzee Zakaria akapiga simu, kama afanyavyo kila Jumapili, kunitania kuhusu theluji ya Buffalo.

"Neema, bado hamjafukiwa huko?"

Nilikuwa na jina la mjomba kwenye ncha ya ulimi. Ningelitamka tu, na mzee yule angeelewa.

"Upo, binti yangu?"

"Nipo, baba. Theluji imefika dirishani."

Tukaongea habari za theluji. Kimya kile koko alikilipia kwa jina lake, na sikuona kwamba ni changu kukivunja. Ila alipoaga nilishindwa kumwambia "ubarikiwe" kama kila Jumapili, na najua alilisikia pengo lake.

Sijui koko alisimama kwa ajili yangu, au ya Zakaria, au ya vijana wale ambao wangeondoka matangani wakiwa wauaji. Labda hakutuchambua mmoja mmoja. Ninalojua ni kwamba kambini alikula peke yake mpaka alipokufa, na mimi, niliyekuwa na hakika kwamba hana kosa, sikwenda kuketi naye hata siku moja.