Lori la Mkongani lapanda mlima bila kabari

Saa mbili asubuhi, Biasha Kombe amelala chali chini ya lori nje ya gereji yake, karibu na Kona ya Musa, Ukunda. Anakaza nati ya mwisho, anajitoa, kisha anafuta grisi iliyomrukia shavuni.

“Bismillahi,” anasema. “Leo ama mimi, ama mlima.”

Mlima wenyewe uko njia ya Mkongani, ambako lori la mjomba wake, Nassir, huchukua nazi na machungwa ya kuuzwa Ukunda. Kwa miaka kumi na minane, kila likifika hapo limesheheni, wachuuzi hushuka wakapanda kwa miguu ili kulipunguzia uzito. Kavumbi, utingo mwenye umri wa miaka 57, hulifuata nyuma na kabari ya mti, tayari kuisukumiza chini ya gurudumu likianza kurudi.

Biasha, 31, aliyesomea umeme wa magari chuoni, alichoka kuiona kabari hiyo. Injini ya dizeli hakuitoa. Kati ya gia na ekseli ya nyuma alifunga mota ya umeme, ili injini ikielemewa, mota isaidie kuvuta. Betri alizitoa kwenye basi la umeme lililopata ajali. Lori likiteremka, mota hupunguza mwendo na kuzichaji. Kazi hiyo ilimla miezi saba na akiba yake yote.

Jumamosi iliyopita alijaribu, akaumbuka. Nyaya mbili alikuwa ameziunga kinyume.

“Injini ikavuta mbele, mota ikavuta nyuma,” anasimulia, macho chini. “Lori likatetemeka kama lina homa.”

“Mimi nilimaliza Baba Yetu yote,” anadakia Kavumbi.

Nassir hakucheka. Alimpa Jumamosi moja zaidi. “Mwanangu, lori hili ndilo chakula chetu. Likikwama tena, ulifungue hilo jini lako la umeme.”

Biasha alijua kuwa likikwama, hakuna mwenye lori mwingine atakayemwamini.

Saa nane mchana, lori linarudi na tani tano za machungwa. Chini ya mlima, Sidi na wanawake wenzake wachuuzi wanashuka bila kuambiwa. Kavumbi anaiweka kabari begani. Nassir anakanyaga mafuta. Biasha, kando yake, anabonyeza swichi.

Lori linapanda.

Halisiti, halikohoi. Kavumbi anatembea, anaharakisha, mwisho anakimbia.

“Nyie! Mwatuacha!” Sidi anapiga kelele, leso mkononi. “Nassir, machungwa yangu!”

Kileleni, Nassir anasimamisha lori. Biasha anajibana mlangoni.

“Tugeuze tukawachukue wanawake wa watu,” anasema Nassir. Kisha tabasamu linamponyoka. “Nami nipate kupanda tena!”

Zamani safari moja ilikunywa lita 38 za dizeli. Biasha anatarajia isizidi 28. Mwenye lori la samaki kule Majoreni ameshaomba afungiwe mota, na Biasha anataka kuwachukua wasichana wawili wa chuo wajifunze kwa mikono.

Kavumbi anafika akihema. “Sasa mimi mwanifukuza kazi?”

“La, baba,” Biasha anamwambia, akimfungulia mlango. “Leo utapanda mlima umeketi.”

Kavumbi anaingia. Kabari ameipakata mapajani.

“Naenda nayo,” anasema. “Nikaionyeshe mlima unavyopandwa kwa kuketi.”