Jaku na Chui wa Mnazi Mmoja

Mwalimu wa kisomo ameniudhi. Mimi nilikwenda darasani kwake nijue kusoma barua zangu mwenyewe, nisisomewe na majirani wakaja kunicheka, basi. Sasa anataka kila mmoja wetu aandike maisha ya mtu aliyemjua. Mkono wangu huu umezoea mbuzi ya kukunia nazi, haukuzoea kalamu. Nikamwambia, "Mwalimu, mie nkuhadithie, wewe uandike." Kakataa. Haya. Ntaandika, lakini ntamwandika ninayemtaka mimi, naye ni marehemu mume wangu Jaku. Na ntaandika lile jambo la sarakasi, maana wengi wanaolisimulia hawakuwepo, na waliokuwepo wametia chumvi mpaka halilika.

Jaku alikuwa mtu wa gari la ng'ombe. Akipakia mawe na chokaa kwenye matanuri huko nje ya mji, akiwapelekea waashi. Mrefu, mwembamba, kope nyeupe kwa vumbi la chokaa, maneno yake ya kuhesabika. Alikuja mjini kijana, peke yake, kutoka kijiji kimoja cha ndani, njia ya Chwaka. Jina la kijiji silitaji, wajukuu wa watu wale wako hai na mimi sitaki kesi. Alipokuja kuniposa mama yangu alimuuliza, "Wazee wako wako wapi?" Akajibu, "Wameshatangulia, Bi." "Na ndugu?" Akafikiri kidogo, akasema, "Nna ng'ombe wangu." Watu walicheka, nikaozwa.

Hakunipeleka kwao hata siku moja. Si kwa arusi, si kwa msiba. Nikidhani ananionea haya kwa ulimi wangu, maana ulimi nnao. Na kitu chengine: fimbo akiishika, lakini ng'ombe hampigi. Akimgusa begani tu na kumwambia, "Twende bwana." Waashi wakimtania, "Jaku, huyo ng'ombe wako au mkweo?"

Mungu alitujaalia pacha, Kurwa na Doto. Doto alikufa wa siku tatu, akabaki Kurwa, mtoto wa kike, mwembamba kama babaake na mkaidi kama mimi. Alipofika miaka minane akamaliza juzuu amma kwenye chuo cha Kurani. Kwetu mtoto akimaliza juzuu wenzake hugawiwa halua, na baba yake humwambia mbele ya mwalimu wa chuo, "Niombe unachotaka." Na ahadi hiyo haivunjwi, maana msahafu upo pale pale unasikia. Watoto wengine huomba viatu. Huomba kanzu ya Idi. Kurwa alisimama katikati ya wenzake, mdomo una halua, akasema:

"Baba, nnataka kwenda kumwona chui wa sarakasi."

Ilikuwa miaka hiyo ya hamsini, sarakasi ya Wahindi imekuja Unguja na meli, imepiga hema pale Mnazi Mmoja. Gari la kipaza sauti likizunguka mji mzima. Kuta za Darajani zimebandikwa picha, chui karuka kupita kwenye duara la moto, meno yote nje. Watoto hawalali, wazee hawapumziki.

Nilimtazama Jaku. Vumbi la chokaa alikuwa ameliosha siku ile, lakini uso ulikuwa mweupe vile vile. Akasema, "Inshaallah," akatoka.

Zikapita siku. Leo mzigo mwingi, kesho ng'ombe anaumwa kwato, keshokutwa mvua. Kurwa akaanza kususa chakula. Jirani yangu Bi Mwanakheir, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akanambia dirishani, "Shoga, mumeo bahili huyo. Wangu washakwenda mara mbili, wamemwona mpaka nyani aliyevaa suruali."

Nikaona haya. Nikamfuata Jaku uani, adhuhuri, anamwosha ng'ombe.

"Mwanamme mzima unamkimbia mtoto? Umemwahidi juu ya juzuu!"

"Mwatima, niache."

"Sikuachi. Juzi nimekuona Darajani, umeligeuza gari zima ili usipite ukuta wenye picha. Nimekuona kwa macho yangu haya. Unaogopa karatasi?"

Akaweka ndoo chini. Akakaa juu ya jiwe la kufulia, akanieleza jambo ambalo katika miaka kumi ya ndoa hakunieleza.

Kwao, alisema, chui hatajwi jina lake. Huitwa Mkubwa. Ukikutana naye njiani unavua kofia, unajitenga pembeni, unasema, "Pita, Mkubwa, njia yako." Na wapo watu, kwao wanaamini hivyo, wanaofuga chui kwa siri. Wanamlisha, wanamtuma. Mbuzi wa mtu akiliwa, watu hawaulizi chui gani, wanauliza chui wa nani.

Jaku alipokuwa na miaka kama kumi na mbili, jirani yao aitwaye Mmanga aligombana na baba yake Jaku kwa mpaka wa shamba. Haukupita mwezi, mtoto mdogo wa Mmanga, ndiyo kwanza anatembea, akachukuliwa nyuma ya nyumba. Walikuta nguo tu. Kijiji kizima kikasema chui ni wa baba yake Jaku. Mzee akaapa mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyempa tena moto wala maji. Akafa mwaka ule ule. Na siku ya maziko mtu mmoja akasema, na Jaku akasikia, "Chui haendi kaburini. Anarithiwa na mtoto."

"Ndiyo nikakimbia," akasema.

Nikamuuliza, "Na wewe unaamini? Kwamba unaye?"

Wallahi sitasahau alivyonitazama.

"Sijui, Mwatima. Hilo ndilo linalonitisha. Sijapata kumwona chui karibu tangu nizaliwe. Kama nnaye, ntajuaje? Nikiingia mle, naye akanijua mbele za watu?"

Mimi ni mtoto wa mjini. Ningeweza kucheka. Lakini sikucheka. Nilimfikiria Kurwa. Kama kitu kinarithiwa, basi hakikomi kwa Jaku.

Pale pale mambo yakageuka. Mimi niliyekuwa nasukuma ndiye nikawa navuta.

"Basi hatwendi," nikamwambia. "Mtoto ntamnunulia viatu. Ntamwambia sarakasi imeondoka."

"Hema linaonekana kutoka chuoni kwake, utamwambiaje imeondoka?"

"Ntamwambia anaumwa."

"Nani?"

"Huyo chui!"

Jaku akacheka kidogo, cheko la mtu mwenye homa. Kisha akasema, "Mwatima, baba yangu alikufa kwa maneno ya watu. Mimi nkimvunjia mwanangu ahadi ya msahafu kwa maneno yale yale, ntakuwa nimekubali kwamba ni kweli. Tutakwenda."

Tulibishana siku mbili. Nilimtishia kurudi kwa mama. Nilinuna, nikampikia ugali mtupu bila kitoweo, akala. Mwisho tukakubaliana hivi: tutakwenda onyesho la alasiri, tutakaa nyuma kabisa karibu na mlango, Kurwa atakaa mapajani mwangu, na chui akiingia Jaku atainamisha kichwa, asimtazame. Nilidhani nimepanga kama hakimu.

Tulikwenda. Ndani ya hema joto, harufu ya samadi na mafuta ya taa na jasho, watu wamebanana kama dagaa. Nilimsomea Kurwa Ayatul Kursiy kichwani, nikampulizia, yeye ananisukuma, "Mama, unaniziba!" Wakaingia farasi. Akaingia tembo, akakalishwa juu ya kigoda, mkubwa vile, akakaa kama mtoto aliyetiwa adabu. Akaja huyo nyani wa suruali. Watu wanacheka, na mimi meno yangu yamebanana.

Jaku akanishika mkono kwa nguvu. "Yule kule," akanong'ona. "Mwenye koti jeusi na kofia ya viua. Yule Mmanga."

Nikamwona. Mzee, ndevu nyeupe, kakaa peke yake benchi la mbele, hacheki. Siku zile nilimchukia. Leo mimi ni mtu mzima na mimi nimezika, nafikiri yule mzee alitoka kijijini kwao mpaka mjini ili amtazame usoni mnyama wa aina ile iliyomla mwanawe. Hakuja kucheza.

"Tutoke," nikasema.

"Tukitoka sasa ataniona."

Na chui akaingizwa.

Walizungusha kizuizi cha vyuma duara zima. Chui akatoka kwenye kizimba taratibu, tumbo linagusa chini. Hakuwa wa picha yule. Mbavu unazihesabu, na ubavuni pana mahali hapana manyoya, pamechubuka, pekundu. Bwana wake, kavaa koti la vifungo vya dhahabu, akapiga mjeledi chini, paa! Duara la moto likawashwa. Chui hakuruka. Mjeledi wa pili ukampata mgongoni. Akageuka, akakimbia, akaja moja kwa moja upande wetu mpaka kwenye vyuma, akasimama, na macho yake yakatazama juu, kule nyuma, tulikokaa sisi.

Nikamziba Kurwa macho, akauondoa mkono wangu. Na Jaku, ambaye alikuwa ainamishe kichwa kama tulivyopatana, akasimama. Hakukusudia. Naapa kwa alieniumba, hakukusudia. Ni kama mtu anavyoitwa jina lake akasema "naam" kabla hajafikiri. Alivua kofia, akajitenga pembeni ya benchi, akasema kwa sauti iliyosikika na kila mtu:

"Pita, Mkubwa, njia yako."

Chui akalala chini. Kifudifudi, masikio nyuma, kama paka wa nyumbani. Bwana mwenye koti akampiga, chui akajikojolea pale pale. Watoto wakaangua kicheko.

Kurwa hakucheka. Akasema, "Baba, anaogopa. Mwambie asimpige."

Na kule mbele Mmanga akasimama, kidole kimemnyookea Jaku, analia na kupiga kelele: "Kamjua bwana wake! Mmeona? Kamjua bwana wake! Ni mtoto wa yule yule!"

Sijui nani alianza kukimbia. Mabenchi yalianguka, buibui langu lilichanika, Jaku kambeba Kurwa juu ya mabega, tukatokea uwanjani kwenye jua huku watu wanatukimbia sisi, si chui.

Nyumbani nilifunga mlango mchana kweupe. Jaku akakaa sakafuni, akaniambia kwa upole, "Umemwona?"

"Nimemwona. Kakujua."

"La. Mimi nimetazama vizuri. Yule hanijui mimi wala hamjui mtu. Alikuwa anatafuta mlango, Mwatima. Sisi tulikaa mlangoni."

Na aliyepanga tukae karibu na mlango nani? Mimi.

Yeye hofu yake iliishia pale. Alilala usingizi wa mtoto. Yangu ndiyo iliyoanza. Asubuhi Bi Mwanakheir aliwaita wanawe ndani Kurwa alipotoka kucheza, na mwezi mzima hakuniomba hata chumvi. Waashi wakaanza kutafuta magari mengine. Mmoja aliniambia, mtu mwema, "Bi Mwatima, mimi siamini, lakini mke wangu ana mimba." Jaku akawa anakwenda mbali, mpaka pwani ya Kiwengwa, kubeba mawe kwa watu wasiomjua. Akirudi vumbi, kachoka, haoni uchungu. "Waseme," akinijibu. "Mimi nshajua." Na mimi kila mbwa akibweka, kila kuku akipotea mtaani, nilikuwa nahesabu waliomo ndani: Jaku yupo? Yupo. Kurwa yupo? Yupo. Basi kazi hiyo si yetu. Nimeishi hivyo mpaka alipokufa, na hata baada yake.

Watu wameniuliza, ungeweza kurudisha siku ile, ungekwenda? Nisingekwenda. Na si kwa ajili ya Mmanga peke yake. Ningemwambia Kurwa kweli, kwamba baba anaogopa na mama anaogopa, achague kitu chengine. Mtoto aliyemwonea huruma chui angetuonea huruma na sisi. Sisi wazee tulipima ahadi na maneno ya watu, tukabishana siku mbili nzima, na hatukumuuliza yeye. Wala hatukumfikiria mnyama. Nani humfikiria chui?

Kurwa sasa ni mama. Mara mbili alichumbiwa hapa mjini, na mara mbili wajumbe waliulizia kwao babaake wakarudi kimya. Mpaka akaolewa mbali, Pemba, kwa watu wasiosikia habari za Unguja. Kwa hiyo jambo hili halijaisha, lisiandikwe kama limeisha.

Wewe unaesoma, nnakutaka ufanye jambo. Kama wazazi wako walikuwemo hemani alasiri ile, waulize walisema nini waliporudi nyumbani. Kama walisema Jaku ni mfuga chui, uje kwangu, Ng'ambo, uulize nyumba ya Bi Mwatima wa gari la ng'ombe, usimame mlangoni mchana majirani wakiwa barazani, useme kwa sauti kwamba walikosea. Usiniletee barua. Njoo useme kwa mdomo, wasikie.