Kifungo cha Koti la Baba Mkwe

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa saba, mwanangu, baridi ya Lubumbashi imekaza, nami nina wiki tatu tu tangu niolewe. Jana uliniuliza namna ya kushona kifungo. Nitakufundisha, lakini vumilia kwanza nikuambie nilivyojifunza mimi, maana nilijifunza kwa aibu, na mafunzo ya aibu hayasahauliki.

Tulikaa Ruashi, nyumba moja na wazazi wa mume wangu. Baba mkwe alikuwa amefanya kazi mgodini mpaka akastaafu, akarudi na mkono wa kulia ambao vidole viwili havikunjiki. Watu husema kidole kimoja hakivunji chawa. Yeye, kwa vile vitatu vilivyobaki, alijifanyia kila kitu: alijinyoa, alifunga viatu, na kila Jumapili alisimama mlangoni akafunga mwenyewe koti lake la sufu. Alikuwa na fahari mzee yule, nami nilimpenda kwa fahari hiyo.

Wiki ile kifungo cha katikati kikadondoka. Mama mkwe, mwanamke wa Mitwaba, mpole wa sauti, akanipa sindano nikishone. Masista wa shule yangu walikuwa wamenifundisha kushona na kunisifu sana, na unajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilitaka nyumba nzima ijue kwamba hawakuoa mtu wa hivi hivi. Nikavuta uzi, nikarudia, nikavuta tena, mpaka kifungo kikalala juu ya kitambaa bila kutikisika. Ungedhani kimepigiliwa misumari.

Jumapili wakaja ndugu za baba mkwe kutoka Kasungami ili twende misa pamoja. Baba mkwe akasimama mlangoni. Kifungo cha kwanza kikaingia. Cha pili, kile changu, kikagoma. Koti zito lile, na chini ya kifungo hapakuwa na nafasi hata ya ukucha. Akajaribu, akajaribu tena. Wageni wakaanza kutazama viatu vyao. Nami, kwa ujinga wa umri ule, nikasogea, nikanyoosha mikono, nikaanza kumfungia.

Mila yetu unaijua. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hata sahani humwekea mezani, hampi mkononi. Mimi nilimshika kifuani mbele ya ndugu zake, nikimfungia kama anavyofungiwa mtoto wa shule. Baba mkwe akarudi nyuma hatua moja, akalivua koti taratibu, akalitundika kitini.

“Acha tu, mwana,” akasema. “Leo baridi haiko mingi.”

Akaenda misa na shati. Baridi ilikuwa kali, sote tulijua. Nilikaa benchi la nyuma nikiona mabega yake yanatetemeka, nikalia. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilihesabu kwamba kesho nitarudishwa kwetu kwa kukosa adabu.

Nyumbani mama mkwe hakupaza sauti. Alikata uzi wangu kwa wembe, akaniwekea kifungo kiganjani.

“Kazi yako iko muzuri ku macho,” akaniambia. “Lakini papa anafungaka na vidole, hafungake na macho.” Papa ndivyo tulivyomwita baba mkwe.

Kisha akachukua njiti ya kiberiti. Sikiliza vizuri hapa. Kunja uzi uwe wa nyuzi mbili, piga fundo mwishoni, sindano itokee nyuma ya kitambaa kuja mbele. Laza njiti juu ya kifungo, ushone ukiivuka, kila tundu mara tatu au nne. Halafu ichomoe. Kifungo kitalegea, usiogope. Kiinue, uzungushe uzi chini yake mara tano, kipate shingo. Ndipo upeleke sindano nyuma, upige fundo, ukate. Shati jepesi linataka shingo fupi, koti linataka ndefu. Mimi nilishona mara mbili siku ile. Ya kwanza mama mkwe aliikata tena.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbali, jikoni, mikono nyuma. Akafunga cha kwanza. Cha pili kikaingia polepole, kikapita. Cha tatu. Akashusha pumzi, na bila kunitazama akasema, “Aksanti, mwana.” Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia tena, safari hii kwa furaha. Natamani kuisikia sauti ile hata mara moja tu.

Kupotea njia ndiko kujua njia. Siku hizi vidole vyangu navyo vimekaza, na asubuhi mnakuja mbio kunifungia blauzi kabla sijaomba. Nanyamaza, kwa kuwa mnanipenda. Lakini shika hili, mwanangu: kabla hujashona, jiulize ni nani atakayefunga. Na mtu anayejaribu mwenyewe, mwache ajaribu, atakapokuhitaji atakuita.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usio na haraka. Akupe uzee mrefu, na watakaokuwa nawe siku hizo wawe na subira ya kukungoja.