Dua Niliyomsomea Sefu

Leo nimegundua kuwa mimi na adui yangu tunasoma dua moja.

Zama za foleni za sukari, hapa Temeke, nilimpa jirani yangu Sefu baiskeli, naye akanipa redio. Redio ikanyamaza kabla ya Ijumaa.

Tangu hapo, kila baada ya swala mimi huomba: "Mola, nikinge na wenye hadaa, wala usiniondolee neema."

Leo Sefu amekuja kunitazama, maana sina siku nyingi. Nikaisoma dua kwa sauti. Akaitikia amina kwa nguvu.

"Hata mie huisoma," akasema. "Tangu fremu ya baiskeli yako ilipokatika."

Nikamwambia kweli: nilijua imepasuka, nikaipaka rangi.

"Na mie nilijua redio ni mbovu. Nisamehe, ndugu yangu."

Tumesameheana.

Binti yangu anauliza: miaka yote hiyo Mungu alikuwa akimkinga nani?

Mwenye jibu aandike hapa chini. Asichelewe sana.