Siku Waliyomchukua Opiyo Kiwandani

Asubuhi hiyo nilikuwa napima mita za maji. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: napitisha debe moja la maji ndani ya mita, kisha natazama kama mshale nao umesoma debe moja. Kiwanda chetu kidogo kilikuwa nyuma ya soko la Kalerwe. Tulitengeneza mita hizo, na mashine za randa kwa ajili ya maseremala. Mwenye kiwanda, Mhindi, alikuwa amefukuzwa nchini na serikali pamoja na Wahindi wenzake, akamwachia funguo Mzee Lakony, fundi mkuu. Tulibaki watatu: Mzee, mimi, na Opiyo, aliyenoa visu vya randa huku akiimba vibaya makusudi ili nicheke.

Mzee ndiye aliyenifundisha kazi. Nikikosea hakunifokea.

"Mastura, mwanangu, maji hayana haraka. Rudia."

Kabla ya saa sita mchana, gari la jeshi lilisimama mlangoni.

Waliingia askari wanne.

"Acholi iko wapi hapa?" aliuliza mkubwa wao.

Mzee na Opiyo wote walikuwa Waacholi, kabila ambalo siku zile jeshi lilikuwa likiliwinda. Mimi ni Mnubi, na nilikuwa nimewasikia askari wale wakisemezana Kinubi, lugha ya mama yangu. Nikamshika Mzee mkono. Nikasema kwa Kinubi, "Huyu ni baba yangu."

Askari alinitazama sana.

"Na yule?"

Ningeweza kusema ni mume wangu. Nilihofu uongo wa pili ungeuangusha ule wa kwanza, wangewachukua wote.

Nilinyamaza.

Opiyo aliweka kisu mezani taratibu, makali yakielekea ukutani, asije mtu akajikata. Akatoka nao.

Tulimtafuta hadi kambi ya jeshi ya Makindye, walikofungiwa watu. Walinzi walisema hawamjui. Hakurudi.

Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo. Siku ya arusi yangu alikaa mahali pa baba, amevaa koti la kuazima, akilia bila kujificha. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Akello, mke wa Opiyo, alikuja kunisaidia kupika. Tukiwa tunachambua mchele akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, siku ile aliogopa?"

"Hapana," nikamjibu. "Hakuogopa."

Akashukuru, akaendelea kuchambua.

Sikumwambia kwamba alipofika mlangoni Opiyo aligeuka akanitazama, akingoja niseme neno.